Ubeti wa Baada ya Mtoto Kulala

Usingizi wangu mimi hauna adabu. Nikiuita kitandani hauji, ila nikiwa na kazi ya kufa na kupona unanijia mchana kweupe, kama leo, mgongo mkekani, gitaa kifuani, umeme umekatika na feni imenyamaza juu ya kichwa changu. Na leo ndiyo siku ambayo sitakiwi kulala hata kidogo. Baada ya sala ya alasiri Hizza ananisubiri studio. Hizza ndiye anayenirekodia nyimbo zangu zote, mtu mpole, lakini akisubirishwa anatafuna kucha mpaka unamwonea huruma, na bendi nzima atakuwa nayo pale, na wimbo wenyewe hauna mwisho. Unaitwa Dada. Ni wimbo wa wasichana wanaotolewa makwao wangali wadogo na kuletwa mjini kulea watoto wa watu. Beti zote zimekaa vizuri, umebaki mmoja wa kufungia, na huo nimeutafuta wiki nzima. Nimekunywa tangawizi, nimezunguka nyumba, nimegombana na fundi bomba wa watu bila sababu, sijaupata. Basi najiambia nifumbe macho kidogo tu, nijipumzishe, na mara mlango wa chumba unajifungua wenyewe, na pale penye kibaraza na kamba ya kuanikia nguo pana barabara.

Mimi huyo, natoka. Sishangai, maana ndotoni ukianza kushangaa hufiki popote. Barabara ni ya vumbi jekundu, haina mwanzo, imenyooka halafu inajikunja halafu inarudi kunipita ubavuni ikielekea nilikotoka. Kila nikiikaribia kona, kona inasogea. Nikigeuka, mlango wa chumba changu uko mbali, kisha uko karibu, kisha ni mlango wa mtu mwingine kabisa, una pazia la maua. Haya. Natembea peku, natafuta mwisho wa wimbo. Hapo inabidi niseme jambo, maana bila hilo safari hii haina maana. Mimi sijui kutunga kitu kutoka hewani. Redioni wakiniuliza nyimbo zangu nazitoa wapi, nawajibu natoa kwa Mungu, kwa kuwa ni jibu fupi na hakuna anayelipinga. Kweli yenyewe ni kwamba nazitoa utotoni, Kilosa, kwenye nyumba za reli, tulikokuwa tukicheza mpaka treni ya jioni ipite. Nachukua wimbo wa mchezo, naondoa maneno ya kitoto, naweka shida za watu wazima, na sauti inabaki ileile. Watu wazima wanausikia, wanatikisa kichwa, hawajui kwa nini umewaingia upesi hivyo. Ndiyo kazi yangu yote, sina nyingine. Sasa nyimbo za michezo nimezimaliza. Umebaki mmoja tu, wa kubembelezewa, aliokuwa akiniimbia Nakunda, msichana wa Kipare aliyenilea mama akiwa kazini hospitali. Nao ninao nusu. Ubeti wa pili sijawahi kuusikia, maana kila Nakunda alipoufikia mimi nilikuwa nimeshalala. Nikiukosa huo, Dada hauna mwisho, na baada ya Dada mimi sina tena pa kuchota.

Mbele yangu kuna mwanamke anatembea. Amejifunga kanga ya kubebea mtoto, fundo kifuani, ila mtoto hayumo, kanga imelegea mgongoni. Namwita, samahani dada, na anageuka, na anapogeuka hana uso. Ana kisogo. Nywele zimesukwa mistari inayokutana shingoni, kuna kovu dogo chini ya sikio, jasho linateremka. Nazunguka kuangalia upande wa pili, na huko nako ni kisogo kilekile. Ebo! nasema, wala si kwa woga, ni kwa kuwa mtu inabidi aseme kitu. Unaitwa nani? Anajibu, na sijui anajibia wapi: Nilikuwa mbele ya macho yako kila siku na hujawahi kuniona. Namwambia hilo si jina. Ananiambia ndilo hilo. Namuuliza barabara hii inakwenda wapi, anasema inakwenda unakotoka. Nimetoka chumbani kwangu, nasema. Kabla ya hapo, anasema. Nawaambia, watu wasio na nyuso wana maringo, lakini mimi mwenye shida nitafanyaje. Namweleza kwamba nautafuta mwisho wa wimbo. Ananiuliza wimbo gani, na mimi nausimamisha mwili barabarani kama niko jukwaani, namwimbia:

Lala, mzigo wangu mwepesi, lala,
mama yu njiani, anakuja na muwa.
Muwa wa nani? Wa asiyelia.
Muwa wa nani? Wa aliyelala.

Halafu anasema mwisho wake upo, ila sikio lililo macho haliusikii. Kwa hiyo nilale? namuuliza. Umeshalala, anasema. Sasa mbona siusikii? Kwa sababu bado hujalala. Naacha kuuliza. Anatangulia, namfuata, na kwa kuwa ana kisogo pande zote sijui kama ananiongoza au ananikimbia.

Tunaingia mji. Nyumba za kulia ni zilezile za kushoto, bati kwa bati, hata mbuzi aliyelala kwenye kizingiti huku yuko kule, wakiamka wanaamka pamoja. Katikati watoto wameshikana mikono kwenye duara, wanaimba. Ndoo ya nani, ndoo ya nani? Ya Siwema! Siwema yuko wapi? Bombani! Na anayetajwa anatoka kwenye duara. Moyo unanichangamka, maana huu ni mchezo wetu wa Kilosa, na kutokana nao nilitunga Bombani, wimbo wa kina mama wanaoshinda kwenye foleni ya maji. Ule ndio ulionitoa. Uliimbwa kila mahali, hata wanasiasa waliuimba, wakashuka jukwaani, wakapanda magari yao, wakaenda zao. Sasa namwona Siwema anatoka kwenye duara na kindoo chake, anakwenda kusimama nyuma ya foleni ya wanawake. Foleni inakata mji mzima, inafika mwisho wa barabara, na pale badala ya bomba pana kama kioo, na ndani ya kioo ni foleni nyingine inayokuja. Watoto wanaimba tena. Wanataja mwingine, naye anatoka, anasimama nyuma ya Siwema. Hakuna anayerudi. Namuuliza mwenyeji wangu, Siwema atarudi lini kucheza? Ameshaimbwa, anasema. Aliyeimbwa harudi, anakaa mumo humo. Halafu mwanamke mmoja kwenye foleni ananitambua, anapiga kofi pajani. Mama Tamimu! Ni wewe kweli? Jamani njooni mumwone, yule wa Bombani! Wimbo wako tunaupenda, huku tunauimba kutwa. Nafurahi, namshika mkono, namuuliza, na maji je? Ananiangalia kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. Maji gani? anasema. Foleni nzima inacheka, na mimi nacheka, na sijui nacheka nini.

Tunatoka mji ule kwa mlango wa duka, tunaingia mwingine kwa mlango wa msikiti, au ni duka hilohilo, sina hakika, kuta zinabadilishana. Mji wa pili hauna nyumba. Una mahali pa nyumba. Una misingi, una vizingiti, una alama nyekundu za rangi zinazoelea hewani pale palipokuwa na ukuta. Watu wameketi nje na vitanda vyao na masufuria yao, jua linawapiga. Na sauti ya mtoto mmoja inahesabu mahali, macho yamefumbwa, inauliza, nije nisije? na nyumba ndizo zinazojibu, kutoka mbali, zote kwa pamoja, usije! Huo nao naujua. Ni mchezo wetu wa kujificha, na niliutumia kutunga wimbo wa bomoabomoa, watu walipoambiwa bondeni si pao. Mama mmoja mnene, amekaa kwenye kochi katikati ya uwazi kama yuko sebuleni, ananiita kwa kidole. Nampa shikamoo. Marahaba, anasema, kaa, jina langu Bi Mgeni, uliniimba. Anamimina chai kutoka kwenye chupa isiyoisha. Nyumba yangu uliiimba vizuri, anasema. Asante, mama. Ilikuwa na mlango wa rangi gani? Habari zile nilizisoma gazetini, bondeni kwenyewe sikufika, mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na safari. Sijui, mama, nasema. Wa kijani, anasema. Ungeuliza tu. Wala hana hasira, hilo ndilo linalonichoma. Angenitukana ningepumua. Badala yake ananigonga goti, anacheka, anasema, lakini mtamu, mwanangu, usijali! Harusi ya Rukia wangu tuliucheza huo mpaka viatu vikakatika. Tuliucheza hapahapa, kwenye sebule, na sebule haipo. Nakunywa chai. Haina moto wala baridi. Naona haya, nasema wazi, naona haya mbele ya mama yule aliyekaa vizuri vile kwenye kochi lake, na yeye anaendelea kunisifu, na kila akinisifu alama moja nyekundu inashuka chini kama kanga iliyokatika kamba.

Tunaendelea. Barabara sasa imekuwa nyembamba, halafu ni reli, halafu ni barabara tena. Kisogo kinaniuliza bila kugeuka, kama kugeuka kungesaidia kitu: Na mwanao yuko na nani? Nina mtoto, ndiyo, Tamimu, bado ananyonya. Yuko na dada, nasema. Dada gani? Dada wa kazi. Hana jina? Analo, nasema, anaitwa Yusta, ametoka Iringa, shangazi yake mwenyewe ndiye aliyemleta, alinibembeleza nimchukue, na mimi sijamtesa, namvalisha, namtibu, sijawahi kumpigia kelele, nguo ya Idi namnunulia ingawa yeye Mkristo, na ya Krismasi namnunulia, muulize mtu yeyote pale mtaani. Nasema yote hayo kwa pumzi moja, na kisogo kinasubiri nimalize. Sijakuuliza hayo, anasema. Basi mbona umeuliza? nasema, nimeshakasirika. Nimeuliza mtoto yuko na nani, anasema, umenijibu uko na nani wewe. Hilo silielewi na silitaki. Namwambia aharakishe, watu wananisubiri, alasiri haiko mbali. Huku hakuna alasiri, anasema, kuna mtoto amelala na kuna mtoto hajalala, basi. Na anapolisema hilo tumeshafika.

Ni uani. Ukuta hakuna, lakini unajua kabisa kwamba uko uani, kwa sababu ya pipa la maji na jiwe la kusagia na mgomba mmoja uliokonda, na kwa sababu treni inapita mahali na masufuria yanatetemeka. Ni uani kwetu Kilosa, ila umetanuka, unakwenda mpaka macho yanaposhindwa, na umejaa wasichana. Kila mmoja ana mtoto mgongoni. Kila mmoja anayumba, mguu huu, mguu huu, na wote wana visogo mbele na nyuma. Wanaimba. Si wimbo mmoja, kila mmoja na wake, wengine kwa Kinyaturu, wengine kwa Kihehe, wengine kwa lugha nisizozijua, lakini nazielewa zote, na zote ni ubeti wa kwanza. Lala, baba anakuja. Lala, mvua inakuja. Lala, fisi amekwenda zake. Mtoto mmoja mbali anafumba jicho, na yule aliyembeba anavuta pumzi aanze ubeti wa pili, na mimi nakimbia kwenda kusikia, na kabla sijafika mtoto ananisikia miguu, anafumbua jicho, na msichana anarudi mwanzo. Nakimbilia mwingine, inakuwa vilevile. Najaribu kunyata. Najaribu kujificha nyuma ya pipa. Kila nilipo mimi, ubeti wa pili haupo. Pembeni ya kila msichana, chini, kuna sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na nzi wanatembea juu yake.

Mwenyeji wangu amepiga magoti mbele yangu, amenipa mgongo, ameshika ncha za kanga. Panda, anasema. Namwambia mimi ni mtu mzima, nina mwili, nitakuvunja. Hujawahi kuwa mwepesi, anasema, panda. Napanda. Kanga inanikaza, fundo linalia kwa mbele, na mara pua yangu iko pale penye kovu chini ya sikio, na harufu ni ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi, na hapo ndipo nalijua jina lake. Nakunda, nasema. Hasemi ndiyo wala siyo. Ni kweli uso wake siukumbuki, sijawahi kuukumbuka. Mtoto wa mgongoni anaona kisogo. Ndicho nilichosomea dunia yangu yote, kisogo hiki, na mistari hii ya nywele, na wimbo ukija kutoka upande wa pili ambao siuoni. Anaanza kuyumba. Lala, mzigo wangu mwepesi, lala. Sauti yake si nzuri sana, inakwaruza, na jamani, hakuna mpiga gitaa wala mpiga zeze aliyewahi kuniingia hivi. Nimekuwa jukwaani, nimepigiwa makofi, nimepewa maua, na kumbe nilikuwa natafuta hapa. Mama yu njiani, anakuja na muwa. Najitahidi nisilale. Nimekuja kwa ajili ya ubeti wa pili, nikilala nitaukosa kama nilivyoukosa siku zote, kwa hiyo nakaza macho, naminya vidole. Muwa wa nani? Wa aliyelala. Anafika mwisho wa ubeti, anasikiliza pumzi yangu, anarudi mwanzo. Lala, mzigo wangu. Endelea, dada, nasema. Lala kwanza, anasema. Anaimba tena. Anarudi tena. Treni inapita, masufuria yanatetemeka, anaimba tena, na kila akirudi mwanzo magoti yake yanapungua nguvu, nasikia mimi niliye juu.

Chini miguuni pake pana sahani, nayo imefunikwa. Ya nani hiyo? namuuliza. Ya anayeimba, anasema. Mbona huli? Mikono yangu iko wapi? anasema. Naangalia. Mikono yake iko nyuma, imeshikana chini yangu. Nakumbuka sasa, si kwa kichwa, kwa mwili, kwamba wimbo huu niliupenda mno hata nilikuwa napigana na usingizi ili usiishe. Nikiona unakaribia mwisho, nalia kidogo, anaanza upya. Kila nyumba ya reli ilinijua, yule mtoto wa nesi asiyelala. Namuuliza, kwa nini hukuniweka chini? Ulikuwa unalia. Kwa nini hukumwambia mama? Mama alikuwa akirudi amechoka. Basi ungeniambia hata mimi una njaa, nasema, na nasikia mwenyewe ujinga wa maneno hayo. Nilikuambia, anasema. Lini? Kila siku. Wapi? Mwishoni mwa wimbo, anasema.

Inaniuma. Wasichana wote uani wamenyamaza, wanayumba bila sauti, mguu huu, mguu huu, na sahani zimefunikwa. Namwambia, basi niteremshe, ule. Anasema huwezi kuteremka, unaweza kulala tu. Kwa hiyo najilegeza. Naigiza usingizi, napumua polepole, nauachia mdomo wazi kama watoto. Anacheka kidogo, mara ya kwanza. Aliyelala kweli hakunji vidole, anasema. Nafungua vidole. Naliachia gitaa ambalo sinalo, namwachia Hizza na kucha zake, naachia ubeti wenyewe, nasema potelea mbali, ubaki, nisiusikie. Shavu langu linaangukia kwenye kisogo chake. Na hapo usingizi wa kweli unakuja, mzito, kutoka miguuni kupanda juu, na jambo la mwisho ninalosikia ni Nakunda akivuta pumzi.

Nafumbua macho na niko mkekani. Feni imenyamaza. Gitaa limeteleza, liko ubavuni, limeniachia alama ya nyuzi mkononi. Kivuli cha dirisha kimefika ukutani pale kinapofika alasiri ikikaribia. Najisikia mdomo mkavu, na nadhani nimeamka. Kutoka uani, nje ya dirisha, unakuja wimbo. Lala, mzigo wangu mwepesi, lala. Ni Yusta, anambembeleza Tamimu. Kumbe ameukamata kwangu, kwa siku hizi zote ninavyouimba ndani humu nikitafuta mwisho, ameukamata vizuri kabisa, hata pale pa kuvuta. Tamimu analia kidogo, analalamika, anarudishiwa mwanzo. Analalamika tena. Anarudishiwa. Halafu ananyamaza, nasikia kabisa pumzi yake ilivyobadilika, mama anajua. Na Yusta haachi kuimba. Anashusha sauti, lakini haachi. Sithubutu kusogea. Simu yangu inatetemeka kimyakimya juu ya mkeka, ni Hizza, naifunika kwa kiganja kama mtu anayeziba mdomo wa mtoto.

Umelala, mzigo wangu, umelala,
mama yu ndani, anaimba Dada.
Dada wa wimboni analiliwa na watu,
dada wa uani bado hajala.

Nimelala chali, sipumui. Na nitasema kilichonijia kwanza, kwa sababu ndicho kilichonijia: kwamba ubeti umekaa. Maneno yameingia kwenye sauti bila kusukumwa, na pale kwenye hajala bendi inaweza kunyamaza yote akabaki mpiga besi peke yake. Vidole vyangu vimeshaanza kutafuta nyuzi. Ndio mwisho wenyewe niliouhangaikia, bora kuliko wowote ambao ningeutunga, na uko mikononi mwangu, na Hizza anapiga tena. Kisha navitazama vidole vyangu vile, na navichukia.

Nainuka. Naenda dirishani, nasogeza pazia, na sikumbuki kama pazia letu lina maua. Uani kuna pipa la maji na kamba ya nguo, na Yusta amesimama katikati ya jua, amenipa mgongo. Tamimu amelala juu yake, shavu limemwangukia shingoni. Nywele zimesukwa mistari. Mikono iko nyuma, imeshikana. Nasubiri ageuke, nione kama ana uso, nijue niko wapi. Yusta, namwita polepole. Abee, mama. Hageuki. Sahani moja imefunika nyingine kwenye kizingiti cha jiko. Umekula? namuuliza. Anayumba, mguu huu, mguu huu. Ndiyo kwanza amelala, mama, ananong'ona, nikimshusha ataamka. Nabaki nimeshika pazia, sijui nitoke nikampokee mtoto au nirudi mkekani nikachukue gitaa.